Sijaula wala Sijawala

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Maradhi sugu, kisukari na shinikizo la damu yakiwemo, yameipindua methali hiyo, kwani humtaka mgonjwa ajigange kila uchao. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila mwezi na kuketi na mhudumu kwa robo saa (na hiyo ni bahati, kwa wazijuao foleni zetu) hupata saa 3 pekee. Katika saa 8,757 zilizosalia, tabibu ni yeye mwenyewe.

Muuguzi mmoja wa Pwani hakuwahi kuipiga hesabu hiyo. "Mzee, usile wanga," alimwagiza mgonjwa wa kisukari siku moja, kama alivyozoea kuwaagiza wote. Mzee akamkazia macho. "Mwanangu, wanga ninaoujua mimi ni wa kutia kanzu, na wanga ninaowajua ni wale wa usiku. Sijaula wala sijawala." Foleni nzima iliangua kicheko, na muuguzi naye akacheka. Katika kicheko hicho hakuna aliyemfafanulia mzee kwamba waliokusudiwa ni sima, wali, muhogo na mahamri, wala kwamba alitakiwa kuvipunguza tu, si kuvihama.

Huko nyumbani jirani alimfasiria. Mzee, mtu wa kutii, akaviacha vyote. Usiku wa tatu alilalia chai kavu, lakini vidonge vyake vya glibenklamidi akavimeza bila kukosa. Dawa hiyo hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Alfajiri alikutwa ametota jasho, anatetemeka, hamtambui mkewe. Heri bado aliweza kumeza. Wakamnywesha maji ya sukari akarejewa na fahamu. Kwenye kadi yake kliniki iliandikwa: hafuati masharti. Ilhali aliponea chupuchupu kwa sababu aliyafuata.

Miezi kadhaa baadaye muuguzi huyo alipelekwa mafunzoni. Huko alisikia habari za Kate Lorig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliounda mafunzo ya wiki 6 ambayo mara nyingi huongozwa na watu wanaoishi na maradhi hayo hayo. Alisikia pia kuhusu William Miller, aliyeandika mwaka 1983 juu ya namna ya kuzungumza na walevi bila kuwakaripia, kisha mwaka 1991 akatoa kitabu pamoja na Stephen Rollnick. Nadharia hazikumtoa jasho. Kilichomtoa jasho ni zoezi dogo: uliza swali moja, kisha nyamaza. Kila mwenzake aliyeigiza mgonjwa alipositasita, yeye alikwisha kumjibia.

Vitabu vya mafunzo vilikuwa vya Kiingereza, kama vile vya chuoni alikosomea uuguzi. Dhana yenyewe wanafunzi waliibishania: wengine wakaiita kujitibu, neno la hatari, maana kwa wengi kujitibu ni kununua dawa dukani bila cheti cha daktari. Kujisimamia lina nafuu. Istilahi kama hizi hazipaswi kuachiwa wauguzi peke yao, na idara zetu za Kiswahili haziwezi kujitoa lawamani.

Mzee aliporudi kliniki, muuguzi hakuanza na kadi.

"Baba, jana usiku ulikula nini?"

Mzee alisita. Muuguzi akauma midomo, akangoja. Nyuma watu walikohoa kwa kuchoka, kwa maana mafunzo hayakuipunguza foleni hata kidogo. Hatimaye mzee akaeleza: chai, na kipande cha samaki, basi. Wakazungumza juu ya kiasi, juu ya wakati, juu ya bei ya mboga.

"Sasa ukifika nyumbani, mama utamwelezaje habari ya vidonge hivi?"

"Nitamwambia nikikosa chakula, kidonge nacho kingoje."

"Na wanga?"

Mzee akakunja ngumi, akaiweka mezani. "Sima kiasi hiki. Ule wa kanzu uko pale pale."