Luberizi: Sanduku la samaki lililogeuka kijani

Huko Luberizi, katika tambarare ya Ruzizi, kuna fundi wa simu ambaye wengi wanamjua kwa sababu ya sanduku lake la vioo. Liko kando ya meza anapochajia simu za watu kwa umeme wa jua. Ndani mlikuwa na lita 60 za maji, samaki wadogo tisa, na majani marefu kama utepe aliyoyaleta kutoka ziwani, upande wa Uvira. Watoto wa familia zilizohama husimama pale hata kama hawana simu ya kuchaji.

Milio ya silaha ilipokaribia, fundi alikimbia na mke na watoto. Simu za wateja alizibeba. Samaki hakuweza. Aliporudi baada ya majuma matatu alikuta mlango umeng'olewa na jua likiingia moja kwa moja hadi kwenye vioo. Sanduku halikuibiwa, labda kwa uzito wake. Maji yalikuwa ya kijani kama sombe, na samaki watano walikuwa hai bado.

Mwani ule ulimsumbua sana. Alipangusa vioo kwa kitambaa, kesho yake ukarudi. Alimwaga maji yote, akajaza mengine ya mfereji wa mashamba ya mpunga, ukarudi kwa nguvu zaidi. Jirani akamshauri atie javeli kidogo. Alikataa, na alifanya vizuri: javeli inaua mwani, lakini samaki hutangulia kufa.

Shida haikuwa kwenye vioo. Mwani unaishi kwa vitu vilevile vinavyokuza majani: mwanga, na mbolea iliyomo majini. Mavi ya samaki ni mbolea, mabaki ya chakula ni mbolea, na maji yaliyopita shambani huweza kubeba mbolea pia. Basi fundi akatundika gunia upande wa jua, akaacha ampule ndogo iwake saa 7 tu kwa siku. Chakula akakipunguza: mara moja, kile samaki wanachomaliza kwa dakika mbili. Akaongeza majani yanayoelea, yale yanayokua haraka, ili yaunyang'anye mwani chakula. Nyuzi ndefu za mwani alizivuta kwa mkono, akizizungusha kwenye kijiti.

Kulibaki jambo moja, kubadilisha theluthi ya maji kila juma. Na theluthi ya lita 60 ni lita 20. Bidoni moja kamili.

Mama mmoja mhami alimwona akimwaga. «Fundi, sisi tunapanga foleni toka saa kumi ya usiku, wewe unamwaga bidoni nzima kwa ajili ya samaki?»

«Mama, una haki,» alijibu, akanyamaza.

Toka siku ile anakinga maji ya mvua kwenye bati. Mvua ikikosa, anachota ya bomba na kuyaacha wazi kwenye beseni siku nzima ili klorini itoke. Maji ya zamani hayamwagi tena. Mama yule huja Jumamosi na bidoni yake, anayapeleka kwenye tuta la lengalenga nyuma ya nyumba aliyopewa hifadhi. Si ya kunywa wala ya kuoshea vyombo, hilo wamekubaliana.

Ni yeye pia aliyeuliza kwa nini bidoni yake nyeupe huota ukijani ndani. Jibu ni lilelile: mwanga. Akaisugua kwa mchanga, akaisuuza vizuri, akaiweka kivulini imefunikwa. Lakini maji kuonekana safi haimaanishi kipindupindu hakimo. Ya kunywa bado anayatia dawa au kuyachemsha.

Ziwani Tanganyika mwani si adui wa mtu. Kuna samaki wa miambani, wataalamu wanawaita Tropheus, ambao kazi yao ni kuukwangua kwenye mawe kutwa nzima. Wameuzwa hadi Ulaya kwa wapenzi wa masanduku kama haya. Wa fundi si wa aina hiyo, ni wa mtoni tu.

Majani sasa yamefika juu ya maji, na vioo vitatu vinaonyesha vizuri. Cha nyuma amekiacha na ukijani wake. Samaki wote watano hudonoa pale asubuhi, kabla hajaanza kupokea simu.