USONJI, SEHEMU YA 5: Akishafika miaka 18 aende wapi?

Sehemu zilizopita tuliongelea dalili za usonji kwa mtoto mdogo. Ujumbe niliopata baada ya hapo, mwingi ulikuwa na swali moja: "Nesi, wangu si mtoto tena. Ana miaka 19. Ana 23. Ana 31. Huyu namkimbiza wapi?"

Swali la maana sana, kwa sababu usonji hauishi mtu akiota ndevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 127 ana usonji, na hapo wamehesabiwa wakubwa na wadogo. Lakini angalia tulivyopanga huduma. Kliniki ya mtoto ni mpaka miaka 5. Kitengo cha elimu maalumu, pale kilipo, kiko shule ya msingi. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu, na walimu hao wanaenda shuleni. Kijana akimaliza shule, au kama hakuwahi kuiona, anabaki bomani na mama yake.

Wenzetu wa jimbo la California, Marekani, wana sheria ya mwaka 1969 inaitwa Lanterman. Wana vituo 21 ambako mtu mwenye usonji au ulemavu wa akili anaandikishwa, anapewa mtumishi wa kufuatilia mambo yake, na hafukuzwi kwa sababu ametimiza miaka 18. Yaani mlango mmoja. Kwetu milango ipo, jamani, tusiseme hakuna, ila imetawanyika. Matibabu yako zahanati, ruzuku iko TASAF, mikopo iko halmashauri, kitambulisho kiko NIDA. Wa kuizungukia milango yote hiyo ni mama. Na kwa mama wa Malambo, kwenda Loliondo siyo safari ya kutoka asubuhi na kuwahi mifugo ikirudi jioni.

Kwa hiyo ukienda, ujue unamtafuta nani. Mtafute Afisa Ustawi wa Jamii. Huyo ndiye anayeshughulikia msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo, na ndiye anayeweza kukuunganisha na vyuo vya ufundi na marekebisho vya serikali kama Yombo, Dar es Salaam. Ila muulize kabisa kama chuo kinapokea mtu wa hali ya kijana wako, kabla hujauza mbuzi wa nauli. Beba barua ya mtendaji wa kijiji na karatasi ya hospitali inayoeleza hali yake. Bila hizo utaambiwa rudi.

Sasa kitambulisho. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Kwetu huku kijana akishatahiriwa rika lake linamjua, ukoo unamjua, hata kama haongei. Serikali haimjui mpaka awe kwenye karatasi. NIDA wanaandikisha kuanzia miaka 18, na wanataka alama za vidole na picha. Fikiria kijana asiyependa kushikwa mkono, yuko kwenye foleni, kelele, jua, halafu mtu asiyemfahamu anamvuta kidole. Atapiga kelele, atakimbia, watu watacheka, na mama atamrudisha nyumbani aseme basi.

Mzoeshe mapema. Nyumbani, kila siku, mchezo wa kubonyeza vidole kimoja kimoja juu ya sahani, wewe unaanza, yeye anafuata. Mpige picha na simu akiwa ametulia umkalishe, aone ni jambo la kawaida. Siku yenyewe wahi kabla ya watu, mwache na kile anachopenda kushika, hata kama ni kipande cha kamba, na umwambie mwandikishaji mapema: huyu haelewi haraka, nisaidie nimshike mimi. Wengi wanaelewa ukiwaambia. Cheti cha kuzaliwa kama hana, anza na RITA.

TASAF nako kuna jambo. Kaya zinatajwa na kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji. Mama mwenye kijana wa aina hii ndiye mara nyingi hayupo mkutanoni, kwa sababu hana wa kumwachia! Kaya yake haitajwi, watu wanadhani hana shida. Tuma jirani akutaje, au muombe mwenyekiti wa kitongoji apite aone mwenyewe. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Muulize mtendaji wenu ya kwenu inakaa lini. Kuuliza siyo ukorofi.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, wanawake wanapata 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Anayeshughulika nayo ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Mimi sikushawishi uikimbilie. Haina riba lakini ni deni, na jina lake lisitumiwe na mjomba kununulia pikipiki.

Niseme na la mabinti, ingawa ni zito. Kuna kina mama wananiomba sindano ya uzazi wa mpango kwa binti mkubwa mwenye ulemavu wa akili, "ili tu asije na mimba." Yeyo, nakuelewa kabisa hofu yako. Lakini sindano inazuia mimba, haizuii mwanaume. Binti kama huyo anabakwa na mtu anayemjua, na haachi, kwa sababu hakuna dalili ya kumfichua. Likitokea, usimwogeshe, usifue nguo, mlete kituo cha afya ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi, na polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Msikae kikao cha kulipana ng'ombe kwanza. Hizo saa hazisubiri wazee.

Sehemu ya 6 itakuwa ya kifafa na dawa zake, kwa sababu vijana wengi wa namna hii wanavyo vyote viwili, na wengi wanaachishwa dawa wakionekana wamepona. Mlio Malambo mkimleta kijana, njooni asubuhi kabla foleni haijajaa, mniite mlangoni.