Damu ya Maharage

Sisi tuliosomea ualimu enzi za bustani za shule tulifundishwa sentensi moja, nasi tukawafundisha wengine: mimea ya jamii ya kunde hurutubisha udongo. Ni kweli. Lakini sentensi hiyo, kama zilivyo nyingi za ubaoni, hutaja matokeo na kuficha kazi. Sasa nina miaka sabini na ushei, na wasaa wa kusoma bila rundo la madaftari ya kusahihisha. Ninachokipenda zaidi siku hizi ni ile kazi yenyewe.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, chakula ambacho kila mmea unakihitaji. Hata hivyo mmea hauwezi kuitwaa hewani, mithili ya baharia mwenye kiu katikati ya maji ya chumvi. Viwanda vya mbolea huibadilisha kwa joto la nyuzi zipatazo 400 na zaidi, pamoja na mgandamizo mkubwa. Bakteria waitwao raizobia huifanya kazi hiyo hiyo katika ubaridi wa udongo. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha jambo hilo kati ya 1886 na 1888, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Bakteria hawa hawaingii mzizini kama wezi, hupiga hodi. Mzizi hutoa kemikali zake udongoni, nao bakteria hujibu kwa ishara yao. Protini zilizo juu ya seli za mzizi huipokea ishara hiyo na kupambanua kama mgeni ndiye anayetakiwa. Akikubaliwa, hujengewa chumba, yaani kile kinundu kidogo tunachokiona mzizini.

Humo chumbani ndimo penye mtihani. Bakteria wanahitaji oksijeni ili wapate nguvu za kufanya kazi. Lakini kimeng'enya chao cha kunasa naitrojeni, yaani naitrojenasi, huharibiwa na oksijeni hiyo hiyo. Wakinyimwa watalegea, wakimiminiwa chombo chao cha kazi kitaharibika. Mmea umelitatua jambo hili kwa protini iitwayo leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu. Protini hii huishika oksijeni barabara na kuwafikishia bakteria kidogo kidogo, huku oksijeni iliyo huru ikibaki haba mno. Mjapani Kubo aliitambua mwaka 1939. Mwaka 2005 watafiti waliuzuia mmea mmoja wa jamii ya kunde usiitengeneze. Vinundu viliota na bakteria waliingia, lakini naitrojeni haikunaswa, na mmea ukadhoofika kwa njaa.

Pasua kinundu cha maharage wakati wa kutoa maua. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cha kijani, kimezeeka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama maharage yana damu. Wenzake walimcheka. Niliwanyamazisha, kwa sababu katika wote waliocheka hapakuwa na aliyepasua kinundu hata kimoja.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya wanangu wawili. Wanalima pamoja ekari zangu mbili: mkubwa, aliye mjini, hutoa fedha, mdogo hutoa jasho. Msimu uliopita waligombana. Mkubwa alidai hesabu ya kila shilingi. Mdogo alilalamika kwamba anabanwa hata mbegu zinachelewa mvua. Kila mmoja kwa wakati wake akaja kuniambia, "Baba, tugawie shamba."

Jamaa walishauri kwamba waaminiane tu, yaishe. Mimi naona kuaminiana peke yake hakutoshi. Najua wanangu si maharage, ila hata mmea hauishi na wageni wake kwa kuaminiana tu. Mwaka 2003 watafiti waliwazuia bakteria wa soya wasiweze kunasa naitrojeni. Mmea uliwabana, na dalili zilionyesha kuwa uliwapunguzia oksijeni. Lakini wale wanaofanya kazi hauwabani hadi wakose pumzi. Ushirika wao umesimama juu ya kipimo, na kipimo hicho kina mtunzaji wake.

Kwa hiyo sikuligawa shamba. Niliwaandikia karatasi, wakatia sahihi wote wawili. Fedha ya msimu hutoka kwa mafungu matatu: la mbegu, la palizi na la mavuno. Kila fungu likiisha, hesabu yake husomwa mbele yangu, ndipo linalofuata litolewe. Na hesabu ikiwa sawa, haliruhusiwi kuchelewa hata siku moja. Mkubwa alisema nimelegeza mno. Mdogo alisema nimekaza mno. Nikajua nimekaribia kipimo. Palizi ya kwanza imekwisha, na bado wanalima shamba moja.