Mgonjwa Nambari Saba

Ndugu msomaji, usidhani nakupeleka zahanati. Nambari saba ni tarakilishi ya mezani iliyo karibu na dirisha katika maabara yetu hapa Kasikeu, nayo ni ajuza wa kweli. Ilitufikia ikiwa imekwisha tumika kwingine. Katika tarakilishi 10 tulizo nazo, 6 tu ndizo zilizokuwa zikifanya kazi muhula uliopita, nasi wa kidato cha tatu tunaosoma Kompyuta ni 24. Wanne wanne kwa mashine moja, kama ndege juu ya suke la mtama! Na mwakani tuna mradi wa KCSE, ile karatasi ya 451/3, ambao haufanywi kwa kumtazama mwenzako akibonyeza.

Fundi mmoja aliletwa. Hata kifuniko hakufungua. Akasema, "Hii imeenda, nunueni ingine." Nilikereka mno. Daktari gani huyo aandikaye cheti cha kifo kabla hajamshika mgonjwa mkono?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi: ukiiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni giza totoro, kisha inalia pii, pii, pii. Wengi huudhika na mlio huo, kumbe ndiyo lugha ya mashine. Kabla skrini haijaamka, bodi kuu hujikagua yenyewe, na ikikosa kiungo muhimu haina njia ya kusema ila kulia. Maana ya milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Mwalimu wetu alipotazama kijitabu cha mashine hiyo, akasoma: kumbukumbu, yaani RAM.

"Lakini, Mwalimu, pengine ni skrini," mwenzangu akasema.

"Haya, leteni ya nambari tatu. Ila mbadilishe kitu kimoja kimoja. Mkibadilisha vitatu ikapona, mtajuaje dawa ilikuwa ipi?"

Tukaileta. Giza lile lile. Basi skrini ikaondolewa mashtaka.

Mwalimu akachomoa waya wa stima, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza chaji iliyosalia, akagusa chuma cha sanduku, ndipo akashika bisibisi. Pawa saplai hatukuifungua. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na hapo si mahali pa mwanafunzi.

Lo! Vumbi jekundu letu lilikuwa limejaa humo, feni ya prosesa imevaa blanketi. Tulilitoa kwa brashi ya rangi, polepole. Kisha tukazitoa kadi mbili za kumbukumbu, tukayasugua meno yake ya dhahabu kwa raba, ndiyo, raba hii hii ya kufutia penseli. Tukarudisha ya kwanza peke yake: pii, pii, pii. Tukaihamishia nafasi ya pili: pii, pii, pii. Tukaitoa, tukaweka ya pili katika nafasi ile ile, na maandishi meupe yakatokea! Darasa zima likapiga makofi. Nafasi zilikuwa nzima. Kadi ya kwanza ndiyo iliyokuwa imekufa.

Furaha haikudumu. Saa ilisema ni Januari 1, 2007, na kila asubuhi mashine ikatudai tubonyeze F1. Hiyo ilikuwa betri bapa ya bodi, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio mashine ikiwa imezimwa. Tuliinunua sokoni kwa pesa za chama.

Nambari tisa haikuwa na bahati. Kapasita nne za bodi yake zilikuwa zimevimba vichwa kama mandazi, zinatoa uchafu wa kahawia. Kasoro hiyo ilizikumba mashine nyingi duniani zilizotengenezwa miaka ya 2000 ya mwanzo. Kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa DDR2 kama ya nambari saba, basi ikarithiwa. Ingekuwa DDR3 isingeingia, kwa kuwa pengo lake liko mahali tofauti.

Nambari saba sasa huchukua dakika tatu kuamka. Unaweza kwenda kunywa maji na kurudi. Lakini inaamka.

Jumatatu ni zamu ya nambari nne. Hiyo hailii pii. Diski yake inagonga ta, ta, ta, na Mwalimu amekwisha sema kwamba tutanakili kwanza kazi zote za kidato cha nne zilizomo, ndipo tuguse bisibisi.