Ulizeni Tope

Kuna utafiti mmoja huwa naurudia kila nikisikia mtu akisema bahari yetu "imekuwa hivi siku zote". Mwaka 1991, Sherri Cooper na Grace Brush walichapisha katika jarida la Science historia ya Ghuba ya Chesapeake, Marekani, takriban miaka 2,500 nyuma. Hakuna aliyekuwa akipima maji miaka hiyo yote. Walichosoma ni tope la chini, tabaka baada ya tabaka.

Ndani ya tope mna diatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho. Hujijengea ganda la silika, yaani kama kioo. Ikifa, ganda huzama na kubaki.

Sasa hapa ndipo kuna utamu. Kuna diatomu za duara, nyingi zikielea majini, na kuna za kurefuka, ambazo nyingi huishi chini, kwenye mchanga na nyasi za bahari. Mbolea na maji taka yakimwagika, nitrojeni na fosforasi zinalisha zile za juu hadi mwanga haufiki chini. Za chini zinakosa jua, basi, kwisha. Za juu nazo zikifa na kuoza, oksijeni inaliwa, samaki wanakosa pumzi. Kwa hivyo unakaa na hadubini unahesabu: duara ngapi, ndefu ngapi. Huko Chesapeake duara zilizidi, na aina zikapungua, baada ya Wazungu kuingia na kufyeka misitu walime. Mpango rasmi wa kuiokoa ghuba ulianza 1983. Ukianzia hesabu yako hapo, ugonjwa utauita afya.

Mimi nimekulia kando ya Hori ya Tudor, Mombasa. Maji taka yanaingia humo, mikoko imesimama ndani yake, na wazee wakisema zamani kamba walijaa, wanaulizwa ati ushahidi uko wapi. Swali halali, sawa, lakini anayeuliza anajua vizuri hakuna aliyekuwa akiandika.

Jirani yangu mmoja, mvuvi, nilimweleza habari za diatomu jioni moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hilo tope letu, mwanangu, watakuja kulisoma kabla hawajalifukia wajenge?"

Nilimwambia sijui.