Safari ya Italia juu ya ramani

Sisi wa mwaka wa 6 tulipanga juu ya ramani safari ya siku 10 katika Italia, mwezi wa 4, wakati baridi imeisha na joto kali haijafika. Wengine walitaka miji 6. Tukapiga hesabu: kila kuhama inakula nusu ya siku. Basi tukabakiza 3: Roma siku 4, Firenze 3, Venezia 3. Treni ya mbio kutoka Roma inafika Firenze kwa saa moja na nusu. Venezia hakuna motokari: ni miguu ao mashua. Feza hatuna, viza hatuna. Lakini Mtihani wa Serikali uko karibu, na vitabu ni vingi kuliko siku. Tutavipanga vilevile.