BRIDGETOWN KWA MIGUU: Siku moja Barbados bila basi la meli

Meli ya kitalii ikikaribia Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, kabla hujashuka ngazi tayari kuna mtu amekwishakupangia siku yako. Jioni ya kuamkia bandari unakuta karatasi chumbani: basi lenye kiyoyozi, saa nne za kuzungushwa kisiwa, karibu dola 80 za Kimarekani kwa kichwa, na chakula hakimo. Dada yangu anayeishi Marekani, ambaye ndiye aliyenilipia safari yenyewe, alijiandikisha upesi. Mie nikamwambia, dada nenda salama, tutaonana jioni. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba 431 tu! Kinaingia ndani ya Unguja karibu mara nne. Nitapotelea wapi?

Ila msomaji, liweke jambo hili kichwani kabla ya mengine yote. Aliyekwenda na basi la meli akichelewa, meli inamsubiri. Wewe uliyejiendea kivyako haikusubiri, hata uwe mjomba wa nahodha. Siku ile mwisho wa kupanda ulikuwa saa kumi na nusu jioni. Na usiamini kila saa unayoiona ukutani, maana meli nyingine hubaki na saa za bandari ilikotoka. Uliza mapokezi kabla ya kutoka, wanajibu bila kununa.

Nje ya jengo la abiria wanakungoja madereva teksi. Wastaarabu, si wa kukuganda kama papasi wa Zanzibar, lakini watakukumbusha kwamba jua ni kali. Ni kali kweli, ndiyo maana utoke asubuhi. Toka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo wa nusu saa, barabara tambarare, bahari iko kuliani kwako. Beba chupa ya maji na ujaze popote: maji ya bomba yanayochujwa na mawe ya matumbawe chini ya ardhi hunyweka bila kuchemshwa. Na ile suruali yako ya kombati unayojidai nayo, iache chumbani. Huko mavazi ya mabakabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata ikiwa kofia ya mtoto.

Wapenzi wa muziki wanaweza kukata kona kidogo. Si mbali na bandari, jirani na uwanja wa kriketi wa Kensington Oval, kuna mtaa wa kawaida kabisa alikokulia Rihanna. Tangu mwaka 2017 unaitwa Rihanna Drive. Utaona kijumba, utapiga picha, utaondoka. Dakika tano zinatosha.

Mji wenyewe unaanzia kwenye ghuba ndogo iitwayo Careenage, ambako zamani jahazi zililazwa ubavu zikakwanguliwa. Hapo ndipo palipo Uwanja wa Mashujaa, na hapo ndipo nilipokaa kuliko nilivyotarajia. Mpaka mwaka 1999 uliitwa Trafalgar Square, kama ule wa London, na mnara wa Admirali Nelson ukiwa umesimama pale pale. Huyo Nelson wa Barbados alisimamishwa mwaka 1813, wakati wenzao wa London walingoja mpaka miaka ya 1840 kumpandisha wa kwao. Watu wa kisiwa walibishana miaka na miaka: wengine wakisema ni historia, wengine wakisema huyu alikuwa rafiki wa wenye mashamba ya miwa na watumwa. Novemba 16, 2020 wakamshusha. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Novemba 30, walikusanyika uwanjani hapo hapo wakamwondoa Malkia wa Uingereza kwenye ukuu wa nchi na kuwa jamhuri. Prince Charles alikuwepo anatazama. Rihanna naye akatangazwa shujaa wa taifa.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, aliniuliza ninatoka wapi. Nikamjibu Tanzania. Akanitazama vizuri, akasema basi usiondoke hapa mjini bila kwenda Queen's Park, kuna ndugu yako kule.

Nikadhani ni Mtanzania mwenzangu kafungua duka! Nikakata mguu, kama dakika kumi hivi. Ndugu mwenyewe alikuwa mbuyu. Mbuyu hasa, wa kwetu huu huu, shina linalohitaji watu zaidi ya kumi washikane mikono kulizunguka. Mbuyu si mti wa visiwa vile, asili yake Afrika, na uliufikia ufuko huo kwa kuvuka maji kama walivyovuka mababu wa yule mzee. Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627, wakageuza karibu ardhi yote kuwa miwa, na waliokata miwa hiyo waliletwa kwa minyororo, wengi kutoka Afrika Magharibi, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1834. Nilikaa chini ya mti ule peke yangu. Mabasi ya meli hayakusimama hapo wakati wote niliokuwepo, na sijui kama yangesimama ningekaa kimya vile.

Sasa njaa. Kando ya mto Constitution kuna stendi ya vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, vinaitwa ZR kwa sababu ya herufi za namba zake. Bwana wee, ni daladala! Muziki unatikisa vioo, konda ananing'inia, na ukidhani gari limejaa unaambiwa ujifanye mdogo mwingine aingie. Nauli ilipandishwa mwaka 2019 ikawa dola tatu na nusu za kwao, na dola moja ya Kimarekani ni mbili za Barbados. Ukitaka kushuka unaimba kama sisi tu. Nilipanda namba 11, inayofuata pwani ya kusini hadi Oistins, kijiji cha wavuvi.

Oistins hujaa Ijumaa usiku. Mchana wa kawaida unapata meza bila kusukumana. Kwenye ubao ukiona wameandika "dolphin" usitoe macho, hawali pomboo. Ni fulusi. Samaki wa taifa ni yule arukaye juu ya maji, anapikwa kwa mchuzi na kuliwa na kitu kinaitwa cou-cou. Nikachungulia sufuria: unga wa mahindi, unasongwa kwa mwiko wa mbao pamoja na bamia. Huo ni ugali, tusidanganyane. Pembeni wakaniwekea shelisheli la kuchoma. Mama muuzaji alicheka alipoona nimeacha uma na kula kwa mkono.

Kama si mtu wa kipanya, ufuko wa Carlisle Bay unafika kwa miguu toka mjini, na fukwe zote za Barbados ni za umma, asikudanganye mtu. Angalia tu miti iliyopigwa alama nyekundu shinani, maana utomvu wake unababua ngozi. Hata mvua ikinyesha usijikinge chini yake.

Saa nane na nusu nikaanza kurudi, na vizuri nilianza mapema, kwani ile barabara ya pwani ilikuwa imeziba. Saa kumi kasoro nilikuwa getini. Siku nzima, pamoja na nauli na chakula, nilitumia dola 52 za kwao, yaani 26 za Kimarekani. Dada yangu alikuwa amesharudi kitambo, amelala.

Saa kumi na moja kasoro robo, tukiwa tumeegemea ukingo wa sitaha, tuliona mume na mke wanakimbia gatini na mifuko ya madukani. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Mabaharia waliwatafutia pasipoti zao chumbani mapema na kumkabidhi wakala wa bandari. Kituo kilichofuata kilikuwa St. Lucia, na tiketi ya ndege ya kuifuata meli ilikuwa juu yao.